Safari isiyo na shughuli

Huku kwetu mtu hasafiri bure. Ukisikia fulani kapanda basi la Bukoba au meli ya Ukerewe, ujue kuna msiba, harusi, mgonjwa au mzigo wa kufuata. Ndiyo maana safari ninayoipanga naieleza kwa shida.

Mdogo wangu anamaliza masomo Milano mwezi wa kumi. Hiyo ni shughuli inayoeleweka, na kuhusu mahafali hakuna aliyeuliza. Kilicholeta maneno ni siku moja niliyoichomeka katikati: kupanda treni kutoka Tirano, mji mdogo wa Italia ulio mpakani, mpaka juu kwenye milima ya Alps upande wa Uswisi, halafu kurudi jioni hiyohiyo.

Juzi mzee mmoja, mteja wangu wa vipuri vya injini za mitumbwi hapa Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki la Mwanza, aliiona ramani niliyoichora nyuma ya daftari la madeni.

"Sasa mwanangu, mkifika huko juu mnamfuata nani?"

"Hatumfuati mtu, mzee. Tunakunywa chai, tunapanda inayoshuka."

"Na nauli mnalipa?"

"Tunalipa."

Akaniangalia, akachukua plagi yake, akaondoka bila hata kudai apunguziwe bei. Nadhani alinihurumia.

Lakini mimi ramani hiyo imeninogea. Tirano iko mita 429 tu kutoka usawa wa bahari. Sisi watu wa ziwani tunajiona tuko chini, kumbe Ziwa Victoria lenyewe liko kwenye mita 1,134 hivi. Yaani ili nipande milima ya watu, kwanza nishuke mita mia saba! Kutoka hapo treni inapanda mpaka kituo cha Ospizio Bernina, mita 2,253, karibu mara mbili ya tulipo sisi. Inapanda hadi mita 70 kwa kila mita 1,000, na haina reli ya meno, ile inayong'atwa na gurudumu ili treni isiteleze. Pale Brusio, kijiji cha njiani, mteremko uliwashinda kuunyoosha, mafundi wakajenga daraja la mawe la mviringo: treni inapita chini ya tao, inazunguka, kisha inatokea juu ya daraja lilelile. Njia yote ilikamilika mwaka 1910. Upana wa reli ni mita moja, sawasawa na reli ya zamani iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928. Hilo nalo nilitaka kumwambia mzee, ila alikuwa keshafika kwenye mizani ya dagaa.

Wengi wanaifahamu njia hiyo kwa treni ya watalii, Bernina Express, yenye vioo vinavyopanda mpaka karibu na dari. Ile lazima ulipie nafasi juu ya nauli. Ila reli hiyohiyo inapita treni ya kawaida, ya wenyeji, inayosimama hadi vituo vidogo. Huhitaji kuweka nafasi, na yapo madirisha yanayofunguka. Nimechagua hiyo. Treni isiyofunguka dirisha naiona kama televisheni, na televisheni ninayo nyumbani. Wakati wa kupanda tutakaa kushoto, maana ndiko liliko ziwa la Lago Bianco.

Ziwa hilo nalo lina kisa. Maji yake yanateremka kusini, yanaingia mto Po, mpaka Bahari ya Adriatiki. Kijiziwa cha jirani, Lej Nair, maji yake yanaelekea upande wa pili: mto Inn, kisha Danube, kisha Bahari Nyeusi. Ya kwetu yanatokea Jinja na kufuata Nile hadi Mediterania, na Adriatiki ni mkono wa hiyohiyo Mediterania. Nilimpigia mdogo wangu kumweleza kwamba maji ya Kirumba na ya Lago Bianco yanaishia bahari moja. Akasema, "Dada, hebu lala."

Mambo ya karatasi si mabaya. Italia na Uswisi zote zimo kwenye Schengen, umoja wa nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza moja inatosha kuvuka na kurudi, na kwa kuwa siku nyingi nitakuwa Milano, naomba kwa Waitaliano. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Pesa nitabeba za aina mbili, kwani juu huko chai inauzwa kwa faranga.

Bado sijaamua kama tuishie Alp Grüm, kituo cha mita 2,091 chenye mgahawa unaotazama bonde, au tuendelee hadi St. Moritz, mji wa Uswisi ulio mwisho wa reli hiyo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni asubuhi. Milano hadi Tirano ni kama saa mbili na nusu kwa treni, kwa hiyo lazima tuondoke mapema sana, na huyo mwenyeji wangu tangu utotoni anaamshwa kwa maji ya baridi. Nimeshamwambia kikombe nitakuja nacho.