Noti iliyokunjwa mara nne

Leo jioni kikundi chetu cha Telegram cha wapishi wa Mombasa kimekutana ana kwa ana, barazani kwangu. Ajenda ilikuwa moja: tutoe tokeni yetu wenyewe, yaani sarafu ya kidijitali ya kikundi, au tuache?

Vijana walikuwa na hamu kweli. Ukileta pishi jipya au ukimsaidia mgeni, tokeni inaingia kwenye simu yako.

Niliwakumbusha kwamba mtandao wa kijamii wa Reddit walianzisha pointi za aina hiyo mwaka 2020, na Oktoba 2023 wakatangaza kuzisitisha. Bei ya pointi hizo ikaporomoka siku ileile.

Hapo muuza mboga wetu, mama mtu mzima wa mtaa wa Bangladesh, Mombasa, akafungua kibindo.

Akatoa noti ya Bangla-Pesa, pesa ya jamii ya mtaa wao, ya mwaka 2013. Imekunjwa mara nne, kingo zimelainika kama kitambaa cha kanga.

"Kwa hii nilinunua maji kwa jirani, naye akarudi nayo kuchukua nyanya kwangu. Yenu itanunua nini, wanangu?"

Kimya. Birika tu ndilo lililosikika likichemka.

Bangla-Pesa ndiyo iliyotangulia Sarafu, ile pesa ya jamii inayotumwa kwa simu siku hizi. Ilianza na nyanya na maji, blokucheini, daftari la kidijitali la miamala, ikaja baadaye. Nimeguswa sana.

Basi tumekubaliana kujaribu mwezi mmoja: tokeni moja, mahamri mawili, kwa mpishi yeyote wa kikundi.

Nyinyi mliowahi kupewa tokeni kwenye makundi yenu, mlinunua nini nazo? Niambieni hapa chini.