Waombolezaji wa Kuazima

Siku hizi nina mtu kichwani anaitwa Demetrio Paernio, mchongaji wa Kiitalia. Mnamo 1910 hivi alichonga kaburi la familia ya Appiani katika makaburi ya Staglieno, mjini Genova. Maiti imelazwa, waombolezaji wamejiinamia kando yake, na mikunjo ya nguo zao ni marumaru tupu ingawa jicho linakataa. Ilikuwa kazi ya kulipiwa. Matajiri wa Genova walishindana kwa makaburi kama sisi huku tunavyoshindana kwa matanga.

Miaka mingi baadaye mpiga picha Mfaransa, Bernard Pierre Wolff, akaipiga picha kazi ile. Bendi moja ya Uingereza, Joy Division, ikaichagua iwe jalada la albamu yao, Closer. Kabla haijatoka, mwimbaji wao Ian Curtis akajiua, Mei 18, 1980, akiwa na miaka 23. Albamu ikatoka Julai. Jalada lilishachaguliwa kabla ya kifo, lakini jaribu kumweleza hivyo mtu aliyelishika mkononi mwezi ule!

Tangu hapo waombolezaji wa Paernio wanamlilia Ian. Wapo mashabiki wanaofunga safari hadi Staglieno kwa ajili yake. Appiani, ambaye watu wake ndio waliogharamia machozi yale, amegeuka mwenyeji wa matanga ya mgeni. Mimi kama mchongaji roho inaniuma. Lakini bila muziki ule, mimi wa hapa Kisumu ningelisikia wapi jina la Paernio?

Yote haya yameletwa na kijana jirani anayepiga nyatiti, chombo cha nyuzi cha Wajaluo. Anataka picha ya mfikiriaji wangu iwe jalada la nyimbo zake za kumlilia kaka yake. Mfikiriaji ni yule wa jiwe laini la Kisii, kichwa magotini, ambaye sisi tuliotoka Tabaka, kule Kisii, tunamchonga karibu tumefumba macho. Jiwe likitoka machimboni na unyevu wake unalipunguza kwa panga, unalifuata kwa kisu na tupa, kisha akina mama wanalisugua kwa msasa ndani ya maji mpaka linateleza. Mara nyingi linaondoka bila jina la mtu. Wachache wametoka humo wakajulikana, kama Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake wa amani yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Sisi wengine tunauza, basi.

Na nikisema ukweli, nilipokuwa nikimchonga huyu wangu sikuwa na huzuni yoyote. Nilikuwa nawaza karo.

Nilimwambia kijana hivyo. Hakubishana. Alikaa kwenye kigoda chake, akavaa njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akaanza. Nyuzi nane tu, na ile pete ikigonga ubao wa chombo. Kijaluo changu ni cha sokoni, maneno mengi yalinipita. Jina la kaka yake nililisikia kila liliporudi. Nikatupa jicho kwenye rafu, nikamwona mfikiriaji analia. Jiwe langu mwenyewe! Tangu hapo nimejaribu kumtazama nione karo, wapi.

Sasa sijui tena nimlaumu nani kule Genova. Picha nimekubali kumpa, na pesa hatutagombania. Nimempa masharti mawili: jina langu liandikwe pale pale jaladani, na asiandike popote kwamba nilimchonga kwa ajili ya marehemu, kwa sababu si kweli.

La kwanza amelikubali papo hapo. La pili ananiambia, "Mzee, hata nisipoandika, watu watasema hivyo tu."

Watasema, najua. Bado sitaki aandike.