Kesi Inayosikilizwa Kichwani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii sikuomba. Magoti nilipiga kila alfajiri kama kawaida, macho nikafumba, "Baba yetu uliye mbinguni" nikasema. Lakini kabla sijaufikia mkate wa kila siku nilikuwa tayari namjibu mdogo wangu.

Jumapili usiku aliandika kwenye grupu la familia kuhusu mchango wa kujengea kaburi la mama: "Wengine kazi yao ni kusema tu." Hakutaja jina. Dada mkubwa ni mimi, nikajua linaponigusa. Tangu hapo nikawa na kesi. Naosha vyombo, namjibu. Napepeta mchele, namjibu. Jumanne ndani ya daladala nilimjibu kwa ufasaha mpaka nikapitiliza Kizuiani, nikashtuliwa na konda Rangi Tatu: "Mama, mwisho wa gari."

Akili ya mwanadamu ni kitu cha ajabu. Agostino, yule askofu wa Hipo, mji uliokuwa huku huku Afrika, Algeria ya leo, alilishangaa jambo hili zaidi ya miaka 1,600 iliyopita: akili ikiuamuru mkono uinuke, unainuka papo hapo, ikijiamuru yenyewe, inagoma. Mimi niliiamuru yangu inyamaze, ikaniitikia "sawa", kisha ikaendelea pale pale ilipoishia.

Sasa, nani anaketi kwenye mahakama hiyo? Mlalamikaji mimi, shahidi mimi, hakimu mimi. Mdogo wangu naye yumo, ila maneno yake namwandikia mimi, na sijawahi kumwandikia hoja nzuri. Mithali 18:17 inasema, "Ajiteteaye kwanza huonekana kuwa ana haki, lakini jirani yake huja na kumchunguza." Kichwani jirani haji. Unaweza kushinda kesi moja mara 30 kwa siku, na bado usiku hulali.

Ndipo nikakaa na nabii Eliya, 1 Wafalme 19. Tumelihubiri sana lile pango, upepo, tetemeko, moto, na sauti ndogo ya utulivu. Lakini someni mstari wa 10, kisha mstari wa 14. Mungu anauliza, "Unafanya nini hapa, Eliya?" na Eliya anatoa malalamiko yake. Milima inapasuka, moto unapita, Mungu anauliza tena swali lile lile, na Eliya anajibu maneno yale yale! Mtu ametembea siku 40 kwenda Horebu. Mimi naamini hotuba ile aliikariri njiani, hatua kwa hatua, mpaka hata tetemeko la nchi halikuweza kuibadilisha.

Na ndani yake kuna uongo. "Nami nimesalia, mimi peke yangu." Peke yako vipi, mtumishi wa Mungu? Sura ya nyuma tu Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu, alikuambia kwa kinywa chake kwamba aliwaficha manabii 100 mapangoni, hamsini hamsini, akawalisha chakula na maji. Eliya aliyasikia. Ila moyo wenye uchungu ukikusanya ushahidi, unaokota unaoupendeza, mwingine unaupita kama hauuoni.

Wapendwa, tusemane ukweli. Wangapi kati yetu tunaita maombi kitu ambacho ni kusoma mashtaka? Tunamweleza Mungu makosa ya mume, ya mama mkwe, ya mzee wa kanisa, kwa mpangilio mzuri na tarehe juu, halafu tunasema amina na kuondoka. Tukiinuka tuna hasira kuliko tulipopiga magoti. Hayo si maombi. Daudi alisema "unichunguze", hakusema "mchunguze mwenzangu".

Mungu hakubishana na Eliya. Kwanza kabisa, chini ya mti wa mretemu kule jangwani, alimlisha na kumwacha alale. (Kuna mambo mengine ni njaa na usingizi tu, tusisingizie pepo.) Kule Horebu alimpa kazi, akamwambia arudi alikotoka akawatie watu mafuta. Na wale 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti, Mungu alimtajia mwishoni kabisa, kama neno la kupita.

Alhamisi nilimpigia mdogo wangu. Nilikuwa na hoja tano, nimezipanga kidoleni. Nikaanza na ya kwanza: "Ulikuwa unanisema mimi?"

"Ndiyo, dada. Wewe."

Sikuwa nimemwandikia jibu hilo. Akaendelea taratibu. Desemba niliahidi kuja kuonana na fundi, nikasema nitampigia. Yeye alimweka fundi siku mbili. Sikupiga.

Ni kweli, sikupiga. Na sikuwa nimesahau. Muda wote lilikuwepo, limekaa pembeni, ila kwenye kesi yangu sikuliita kutoa ushahidi hata siku moja. Nilimwambia, "Nisamehe, mdogo wangu." Zile hoja nne nyingine zilibaki hapo hapo kidoleni.

Jumamosi naenda Korogwe, tutanunua saruji pamoja. Niombeeni. Safari ni ya saa tano hivi kwa basi, na leo asubuhi nikisuuza vikombe nimejisikia nikisema, "Lakini na yeye pia..."