Kipanya Kilipogoma: Nilivyoyapokea Malalamiko ya Wenzangu Baada ya Kusasisha Vim

Mwaka 2018 nilikabidhiwa kazi ya kuhamisha seva nane za ofisi yetu kutoka mfumo endeshi wa Debian 8 kwenda Debian 9. Nilijiandaa mwezi mzima kwa yale niliyoyaona kuwa ndiyo hatari: hifadhidata, seva ya wavuti, nakala rudufu na vyeti vya usalama. Kuhusu Vim sikuandika hata mstari mmoja, ingawa ndicho kihariri ambacho sote saba tulikitumia kutwa nzima kurekebisha faili za mipangilio na programu ndogondogo za usimamizi. Uhamisho ulifanyika usiku wa Jumamosi, ukaisha salama. Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, kabla sijamaliza chai, dada mmoja wa zamu aliniita: "Kaka, hebu njoo uone. Kipanya kimegoma kubandika."

Nilisimama nyuma ya kiti chake nikatazama. Alikuwa ameingia kwenye seva kwa PuTTY, programu ya kuiendesha seva kutoka mbali, kutoka kwenye kompyuta ya Windows, kama tulivyofanya wote. Katika PuTTY, ukiburuta kipanya juu ya maandishi huku umeshikilia kitufe cha kushoto, maandishi yale yanakuwa yamekwisha kunakiliwa. Ukibonyeza kitufe cha kulia, yanabandikwa. Mikono yake ilikuwa imeizoea njia hiyo kwa miaka. Safari hii alipobonyeza kulia hakuna kilichobandikwa, ila chini ya skrini lilitokea neno VISUAL, yaani hali ya Vim ya kuchagua maandishi, na sehemu ya faili ikabadilika rangi. Akidhani kwamba kompyuta imekwama, alianza kujaribu kitufe kimoja baada ya kingine, na alipofikia d, mistari yote iliyokuwa imechaguliwa ikafutika. Bahati njema alikuwa hajahifadhi. Tulibonyeza u, amri ya kutengua, mistari ikarudi mahali pake.

Hadi adhuhuri wengine wanne walikuwa wamekuja na lao. Jibu la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa "mtazoea tu", na ninashukuru kwamba sikulitoa. Badala yake nilichukua daftari, nikapita meza kwa meza, nikaandika kila mmoja alikuwa akifanya nini wakati lile jambo lilipomtokea. Sikuuliza kama toleo jipya wanalipenda au hawalipendi. Swali la kupenda humpa mtu nafasi ya kutoa hasira, lakini halimwonyeshi fundi pa kuanzia.

Chanzo chenyewe kilikuwa wazi kwa aliyesoma maelezo ya toleo, na mimi sikuwa nimeyasoma. Vim 8.0, ile iliyokuja na Debian 9, ilitoka Septemba 2016 ikiwa na mambo ambayo watengenezaji wa programu walikuwa wakiyasubiri kwa muda mrefu, kama vile kuendesha kazi pembeni bila kihariri kusimama, vipima muda na utaratibu wa kupakia vifurushi vya nyongeza. Pamoja na hayo ilikuja na faili iitwayo defaults.vim, ambayo husomwa pale mtumiaji asipokuwa na faili yake mwenyewe ya mipangilio, .vimrc. Nia yake ilikuwa njema. Kwa miaka mingi, mtu aliyefungua Vim kwa mara ya kwanza alikuta ukurasa mkavu usio na rangi wala msaada wowote. Sasa angekuta rangi za kutofautisha sehemu za msimbo, utafutaji unaoonyesha matokeo wakati bado anaandika neno, na kipanya kinachofanya kazi ndani ya kihariri chenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililotugusa, kwa sababu Vim ikikishika kipanya, PuTTY inakikosa.

Nilipolisoma daftari jioni niliona kwamba malalamiko hayakuwa ya uzito mmoja. Mmoja aliudhika kwamba kishale hakifiki tena ukingo wa chini wa skrini, kwa kuwa mpangilio mpya huacha mistari mitano chini yake unaposogeza ukurasa. Huyo kweli alihitaji siku mbili tatu tu za kuzoea. Lakini suala la kubandika lilikuwa limesimamisha kazi. Mabadiliko mengine yaliyotufaa hakuna aliyeyataja kabisa. Zamani ukiweka kishale juu ya 007 na kubonyeza Ctrl-A ili kuongeza moja, Vim ilihesabu kwa msingi wa nane, ambako baada ya 7 huja 10, hivyo 007 ikawa 010, jambo lililokuwa likituharibia namba za mfululizo katika majina ya faili. Sasa ilitoa 008, kama mtu yeyote angetarajia. Hilo liliniongoza katika uamuzi wangu: kuizima defaults.vim yote kungewanyamazisha walalamikaji, lakini kungetunyang'anya pia mema ambayo hayakuwa na wa kuyasemea.

Jambo lililonigusa zaidi lilitoka kwa mzee wetu wa idara, mtu wa miaka hamsini na kitu ambaye hajawahi kulalamika kwa sauti. Nilipofika mezani kwake nikamwamkia, alinionyesha skrini akasema, "Mwanangu, haya maelezo siyaoni." Rangi zilikuwa zimekuja zenyewe na toleo jipya, na kwa kuwa Vim ilidhani usuli wa dirisha ni mweupe, ilikuwa imeandika maelezo, yaani mistari ya ufafanuzi ndani ya faili, kwa bluu iliyokoza juu ya weusi wa PuTTY. Mimi mwenye macho mazima nililazimika kuinama ili nisome. Yeye alikuwa ameanza kunakili faili nzima kwenye Notepad ili asome humo, kisha arudi kwenye seva kurekebisha kwa kukumbuka. Niliandika set background=dark, na maelezo yakageuka samawati ya kung'aa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sasa hapo." Kama ningengoja mtu wa kupiga kelele, hilo nisingelijua.

Marekebisho ya seva zote yalinichukua siku nzima, kwa kosa ambalo naona linafaa kuelezwa. Niliandika set mouse=, kauli ya kuizuia Vim isikishike kipanya, katika /etc/vim/vimrc.local, faili ya mipangilio ya watumiaji wote wa seva, nikajaribu, ikakubali. Niliwatangazia wenzangu kwamba mambo yamekwisha, nao wakarudi kuniambia hakuna kilichobadilika. Kumbe mimi nilikuwa na .vimrc yangu, wao hawakuwa nayo. Kwa hiyo kwao defaults.vim ilikuwa ikisomwa baada ya faili yangu na kuifuta kauli yangu. Amri iliyonifumbua macho ni :verbose set mouse?, ambayo hutaja faili iliyoweka mpangilio huo mara ya mwisho. Tiba ilikuwa kuiita defaults.vim mimi mwenyewe mwanzoni mwa vimrc.local, kisha kuandika let skip_defaults_vim = 1 ili isisomwe mara ya pili, na chini ya hapo kuweka mabadiliko yetu mawili, la kipanya na la rangi. Mpangilio wa mistari una maana: ukiitanguliza ile ya skip_defaults_vim, defaults.vim inakatishwa hata pale unapoiita. Safari hii nilijaribu kwa akaunti mpya isiyo na faili yoyote, ndipo nikatangaza.

Kijana mmoja mgeni kazini alikuja kulalamikia upande wa pili, kwa kuwa yeye alikuwa amekipenda kipanya kipya. Nilimfungulia .vimrc yake yenye set mouse=a, nikamwonyesha kwamba akishikilia Shift, kipanya kinarudi kwa PuTTY na anaweza kunakili kama wengine.

Katika siku zile nilisikia pia maneno makali juu ya waliokitengeneza kihariri, na hayo sikukubaliana nayo. Ukifungua Vim bila faili, skrini ya kwanza mara kwa mara inakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeiandika na kuitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, aliwahi kujitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, na malipo pekee aliyoyaomba kwa kazi yake ni mchango kwa watoto wale. Niliwaonyesha wenzangu ukurasa huo kwa :help uganda. Wawili kati yao walikuwa wameitumia Vim kwa zaidi ya miaka kumi bila kuufungua. Bram alifariki Agosti 2023, na toleo la 9.1 la Januari 2024 likatolewa kwa kumbukumbu yake. Siku habari za kifo chake zilipotufika, mzee wetu, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu, alinipigia simu kunipa pole.

Tulipohamia Debian 10 nilifanya tofauti. Niliisimamisha seva moja ya majaribio wiki mbili kabla, nikaomba kila mmoja afanyie humo kazi yake halisi ya asubuhi moja, nami nikakaa pembeni na lile daftari. Wa kwanza kuketi alikuwa mzee. Alifungua faili, akaangalia rangi, akabandika mstari mmoja kwa kitufe cha kulia, akanipisha kiti.