Peugeot 404 ya baba juu ya lori

Kutoka Kolwezi mpaka hapa Lubumbashi ni kama kilomita 300, na breki za 404 ya marehemu baba zilikuwa zimechoka. Nikaamua ije juu ya lori.

Shofa akaniambia, "Papa, usiogope, tumekwisha kubeba mengi." Kisha akapitisha mnyororo kwenye bampa. Hapo ningepaswa kukataa, lakini nikanyamaza, na mpaka leo inaniuma. Bampa la gari la zamani ni bati jembamba lenye kromu. Halikuumbwa kuzuia uzito wa gari zima linaporuka kwenye mashimo. Tulipofika Likasi lilikuwa limepinda, mnyororo umelegea, na gari limesogea shubiri mbili kuelekea ukingoni.

Likasi nilinunua mikanda mipana. Tukafunga magurudumu yenyewe, kila moja na mkanda wake, ili springi zicheze bila kuvuta bodi. Tukaweka magogo mbele na nyuma ya kila tairi, maana breki ya mkono ya umri ule si ya kuamini. Nikachomoa betri. Kisha tukawa tunasimama mara kwa mara kukaza.

Kushusha kulifanyika usiku, Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, kwa mbao mbili. Ubao mmoja uliteleza na taa ya nyuma ikapasuka. Ufaransa iliacha kutengeneza 404 ya abiria mwaka 1975, kwa hiyo taa hiyo ninaitafuta bado. Sikuwa nimepiga hata picha moja kabla ya safari, basi mwenye lori akasema ilikuwa imepasuka tangu Kolwezi.

Mama alifungua mlango, akakaa upande wake wa zamani, akanyamaza.