Kosoa hatua, mwache mchezaji

Niliandika "hata mtoto anajua farasi hakai pembeni", nikaweka na emoji ya kucheka, nikafunga simu nikaenda zangu. Ilikuwa kwenye grupu letu la chesi, kuna jamaa mgeni hata wiki hajamaliza kaposti gemu aliyofungwa akauliza amekosea wapi, mimi nikaona farasi wake kaenda pembeni ya ubao basi nikajua kosa ndo hilo. Kurudi jioni meseji yake haipo, kaifuta.

Ila kilichoniuma zaidi ni jibu nililokuta kutoka kwa mzee mmoja wa pale anayecheza kuliko wengi wetu. Kaandika: "Kweli ndugu yangu, farasi akiwa katikati anafika visanduku 8, akienda pembeni havizidi 4, kwenye kona 2 tu, kwa hiyo kanuni yako ni sahihi. Ila hapa naona alikuwa anapita tu, hebu angalia hatua inayofuata anatua wapi." Nikaangalia. Farasi alikuwa anaelekea sehemu nzuri sana karibu na mfalme wa mwenzake, na kosa lenyewe lilikuja hatua sita baadaye, kitu kingine kabisa. Yaani nilimdhalilisha mtu kwa hatua ambayo ilikuwa sawa.

Na ona yule mzee alivyonipinga. Kaanza kwa kusema hoja yangu vizuri kuliko nilivyoisema mwenyewe, ndo akaonyesha inapoishia. Baadaye nikaja kujua Anatol Rapoport, mwanahisabati aliyeandika sana kuhusu migogoro, alishauri hivyo hivyo tangu 1960, kwamba eleza kwanza msimamo wa mwenzako mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba ndivyo, halafu pinga. Mimi hata swali la yule mgeni sikulisoma hadi mwisho.

Ana kwa ana chesi ina adabu yake, mnapeana mikono kabla na baada, na gemu ikiisha mara nyingi mnabaki wawili mnarudisha kete nyuma, "hapa ulikuwa unawaza nini?", aliyefunga na aliyefungwa juu ya ubao uleule. Unaona uso wa mtu. Onlaini huoni, ndo maana mtu mpole kabisa anaandika maneno ambayo mezani yasingemtoka, na mwanasaikolojia John Suler alishalieleza hilo mwaka 2004, kujificha jina na kutoonekana kunatulegezea breki.

Halafu kuna hili la injini, yaani programu za kompyuta zinazocheza chesi. Tangu Deep Blue, kompyuta ya IBM, imfunge bingwa wa dunia Garry Kasparov mwaka 1997 mambo yamebadilika sana, leo injini kama Stockfish ni ya bure, iko kwenye simu na hakuna binadamu anayeiweza. Sasa mtu anauliza swali, mwingine anabandika skrinshoti ya injini yenye namba inayopima hatua ile na neno moja, "takataka". Namba ni sahihi lakini aliyeuliza hajajifunza chochote, kajua tu kwamba kauliza mbele ya watu wasiomtaka.

Sisemi tusifiane kila kitu, grupu la "safi sana kaka" kila gemu halimkuzi mtu, na adimini anayefunga kila ubishi naye anatuua tu. Mimi napenda ubishi, chesi bila ubishi sijui ingekuwa nini.

Yule mgeni nilimfuata inbox nikamwomba radhi, na kwenye grupu pia kwa sababu nilimwaibisha hadharani. Akajibu "sawa". Mwezi mzima hakuposti gemu, kisha siku moja akaposti, na nilisoma swali lake mara mbili kabla ya kugusa kibodi.

Juzi yeye na mimi tumebishana siku mbili nzima kuhusu Mfumo wa London, ile namna ya kuanza gemu ambapo nyeupe anatoa askofu mapema kwenda kisanduku cha f4, mimi nasema unamfundisha anayeanza uvivu, yeye anasema unampa nafasi ya kujifunza katikati ya gemu bila kukariri hatua 15 za mwanzo, akaleta na gemu zake tatu kama ushahidi. Hakuna aliyemshawishi mwenzake. Usiku akanitumia linki, "njoo ucheze na nyeusi", na hatua ya pili tu akatoa askofu wake f4.