Miaka yangu ya kushika sifuri

Watu wakisikia mimi ni mthamini swali la kwanza ni "kwa hiyo we ndo unapanga bei za nyumba?" Hapana jamani, sipangi, bei wanapanga wanaouza na wanaonunua huko mtaani, mimi naenda kuisoma tu afu naiandika na kuweka sahihi, na hiyo sahihi ndo imenitoa jasho kuliko hata digrii.

Maana unamaliza pale Chuo Kikuu Ardhi, joho umevaa, picha umepiga na mama, lakini ripoti yako mwenyewe bado huruhusiwi kusaini. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 ndo ilituletea Bodi yetu, na Bodi inataka kwanza ufanye kazi chini ya mthamini aliyesajiliwa ndo baadae uombe usajili kamili. Sa kufanya kazi chini ya mtu maana yake unashika sifuri. Futi kamba ina ncha mbili, ile inayoanza na sifuri ni yako, bosi anashika upande wa namba, anasoma na kuandika kivulini, wewe unazunguka nyuma ya choo kwenye upupu na mbwa wa watu, unabana sifuri kwenye kona ya ukuta unapiga kelele "tayari bosi!" Mimi nimeshika sifuri zaidi ya miaka mitatu. Cheka tu, ila huko nyuma ndo nilipojifunzia kazi, maana mwenye nyumba atakuonyesha sebule na jipsam ya dari, nyufa hakuonyeshi, na mpaka leo nikiwa na kijana wa kunishikia lazima nizunguke mwenyewe.

Juzi kati nilikuwa Goba, hapa Dar, kwa mzee mmoja mstaafu, anataka mkopo benki, hati anayo safi kabisa. Nyumba nzuri, nguzo za mbele zina simba wa saruji, malumalu mpaka kwenye banda la kuku (sitanii). Akanitolea faili la risiti, zingine wino umeshafutika unaona kama kivuli tu, akaniambia mwanangu hapa imelala milioni 130, kiinua mgongo changu chote. Nikapima, nikapiga picha, nikarudi kupiga hesabu. Meta za mraba 140 mara laki 6 za kujenga kila meta ni milioni 84, toa uchakavu asilimia 15 inabaki 71.4, weka kiwanja milioni 20, tunapata 91.4. Kiwanja kiko bondeni, mvua ikinyesha gari unaiacha juu kwa mangi unashuka kwa miguu, mnunuzi gani atalipia simba wa saruji hapo? Afu benki inataka na ile bei ya kuuza kwa haraka mkopo ukishindwa kulipwa, nikaweka asilimia 80, yaani milioni 73 na kidogo. Wapo wanaoshuka mpaka 70, mimi naogopa, kwa sababu Sheria ya Ardhi inasema mkopeshaji akiuza chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi inachukuliwa hajatimiza wajibu wake, mpaka yeye athibitishe vinginevyo.

Mzee alipoiona namba alikaa kimya muda mrefu. Afu akasema, "na muembe wangu je? Umeuhesabu?"

Sijauhesabu. Kwenye uthamini wa mkopo muembe ni kivuli tu. Nikamwambia mzee, huo ungelipwa kama ingekuwa fidia, serikali imechukua eneo inapitisha kitu. Hapo mambo ni tofauti kabisa, unapigwa picha mbele ya nyumba yako umeshika kibao cha namba, mti mmoja mmoja unahesabiwa kwa viwango, na kanuni za 2001 zinaongeza posho ya usumbufu, usafiri, na posho ya makazi ambayo ni kodi ya pango ya miezi 36, ripoti lazima ipitishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Nimewahi kwenda kwenye fidia moja nikakuta mikorosho imejipanga mistari kama gwaride la shule, udongo bado mbichi, mwenye shamba anasema ina miaka 4. Nikavuta mmoja kidogo ukatoka na kopo lake la kitalu! Hatukusemezana, nikaandika mche, tukaendelea na mstari unaofuata.

Nilimsimulia mzee hiyo akacheka mpaka akakohoa. Akauliza sasa fidia inakujaje huku Goba, nikamwambia labda siku wakipitisha barabara hapa bondeni. Akafunga faili lake la risiti, akauangalia muembe, akasema basi benki wasubiri kwanza, yeye anasubiri barabara.